Mvua ikikata picha, usipande juu ya nyumba na usitoe pesa

Msimu wa mvua umetukalia tena. Kwetu Kivu unaanza mwezi wa Septemba na hautuachi mpaka Mei, na kila mara unarudi na kelele ile ile katika kartie zetu za kando ya ziwa: "Picha imekatika! Nani apande?" Kijana anapanda juu ya mabati yenye maji, anashika parabole kwa mikono miwili, anaigeuza kidogo kushoto, kidogo kulia. Walio ndani wanapaza sauti: "Bado! Bado! Rudisha pale pale!" Na juu ya kichwa chake radi inapiga.

Mimi nasema wazi: kijana yule hana kazi kule juu. Hatatengeneza kitu, ataharibu, na anaweza kufa. Na kesho yake fundi atakayeitwa atakula pesa ambayo familia hiyo haikuwa nayo. Kwa mtu wa mjini mwenye mshahara, tele kukatika ni usumbufu wa jioni moja. Lakini huku kwetu, ambako nyumba moja inapokea familia tatu za wakimbizi wa vita, ambako mama anaweka tele ndogo mbele ya mlango ili watu walipe kidogo na yeye apate unga wa watoto, jambo hili ni la pesa, ni la habari, na siku nyingine ni la uhai. Ndiyo maana naliandikia.

Kwanza tuelewe kinachotokea, maana anayeelewa hadanganywi upesi. Satelite inayotuletea picha imekaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa karibu kilometa 36,000 kutoka ardhini. Mawimbi yanasafiri njia hiyo yote bila kusumbuliwa na kitu, lakini yanafika yakiwa dhaifu sana. Taabu yao iko katika kilometa tano za mwisho, pale mvua inapoanzia. Mawimbi ya hizi parabole ndogo tulizo nazo karibu sote yana urefu wa sentimeta mbili na nusu hivi. Tone kubwa la mvua linafika milimeta tano. Tone la ukubwa huo linanyonya nguvu ya mawimbi na kuyatawanya huku na huku. Tone moja si kitu, lakini mvua yetu ya alasiri si tone moja, ni ukuta wa maji. Manyunyu hayakati picha. Mawingu peke yake, hata yakiwa meusi, mara nyingi hayakati. Inayokata ni ile mvua nzito ambayo ukiwa chini ya mabati humsikii mtu anayeongea nawe.

Wazee wanakumbuka zile parabole kubwa, za upana wa mita mbili na zaidi, zilizokuwa zinasimama katika ua wa misheni na wa matajiri. Zile hazikusumbuliwa sana na mvua. Si kwa sababu vitu vya zamani vilikuwa na nguvu kuliko vya leo, kama wazee wetu wanavyopenda kutuambia. Zilikuwa zinatumia mawimbi marefu zaidi, karibu mara tatu ya haya ya sasa, na tone la mvua haliyasumbui kwa kiasi kile. Tulipochukua parabole ndogo, za bei ya chini, ambazo mtu anabeba kwenye pikipiki, tulichukua na udhaifu wake. Hilo duka halikukuambia.

Jambo lingine ambalo duka halikukuambia ni kwamba picha za leo hazififii polepole. Zamani picha ilikuwa inajaa vumbi jeupe, lakini sauti ilibaki, ukaendelea kufuata mechi. Siku hizi picha ni safi mpaka dakika ya mwisho, kisha nyuso za watu zinagawanyika vipande vipande, kisha giza na maandishi: hakuna signali. Mtu akiona giza la ghafla namna hiyo anafikiri kitu kimeungua. Hakuna kilichoungua. Nguvu imeshuka chini ya kile kiasi ambacho dekodere inahitaji, basi. Mvua ikipungua, picha itarudi yenyewe, bila mkono wa mtu.

Sasa turudi kwa kijana wetu juu ya mabati. Parabole ya sentimeta 60 inaona sehemu ndogo sana ya mbingu. Nyoosha mkono wako mbele, inua kidole kimoja: ukiisogeza parabole kwa upana wa kidole hicho tu, umeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kijana anaigeuza wakati mvua inanyesha, na kwa kuwa hakuna signali yoyote ya kumwongoza, anageuza kama kipofu. Baada ya dakika ishirini mvua inakwisha, majirani wote wanapata picha, isipokuwa ninyi. Tatizo la dakika ishirini mmelifanya kuwa la wiki nzima.

Kuna wengine hawapandi, lakini wanachukua telekomande na kuagiza dekodere itafute chaneli upya. Katika mvua! Dekodere inatafuta, haipati kitu, na mara nyingine inafuta na zile chaneli zilizokuwemo. Nimeona hili katika nyumba tatu au nne za hapa karibu. Watoto ndio mafundi wa kwanza wa hiyo kazi. Waambieni waweke telekomande chini.

Nije kwa pesa. Mama mmoja aliyetoka upande wa Masisi, anayekaa kwa familia inayompokea hapa kwetu, aliniita niongelee redioni juu ya "dekodere za uongo". Alikuwa amenunua kichwa cha parabole mara mbili katika muda wa miezi miwili, na kila mara alilipa na mkono wa fundi. Nikamuuliza: "Mama, picha ilikuwa inakatika saa ngapi?" Akasema alasiri, mvua ikinyesha. "Na fundi alikuwa anafika lini?" Kesho yake asubuhi. "Na kabla hajafika, mliwasha tele mkaangalia?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema mtoto alikuwa amewasha mara ya pili na picha ilikuwepo, lakini kwa kuwa fundi alishaitwa, waliona haya kumrudisha mikono mitupu. Fundi alimwambia: "Mama, kichwa kimeingia maji, lazima tubadilishe, la sivyo kitakufa kabisa." Mama akalipa. Pesa hiyo ilikuwa ya kurudisha kwenye kikoba.

Sitaki kuwatukana mafundi. Wapo wanaojua kazi yao na wanaoweka jina lao mbele. Lakini tuangalie namna tunavyowalipa. Fundi akipanda, akatazama, akakuambia ukweli, "Mama, hapa hakuna kilichoharibika, ni mvua tu," anarudi nyumbani kwake bila hata faranga. Akikuambia kichwa kimekufa, anakula kwenye kichwa na anakula kwenye kazi. Sisi wenyewe tumefanya ukweli usiwe na bei. Mimi naona heri tukubaliane na fundi kumlipa kitu kidogo kwa kutazama, hata asipobadilisha chochote, na tumwite siku ya jua, si siku ya mvua wala asubuhi yake. Na kile kichwa anachosema kimekufa akiache nyumbani kwako. Fundi anayekataa kuacha kifaa kibovu, jiulize anakipeleka wapi.

Kabla ya kumwita, kuna ishara ambazo kila mtu anaweza kuzisoma bila kupanda popote. Ya kwanza ni jirani. Kama jirani mwenye kampuni ile ile naye hana picha, tatizo haliko kwenye paa lako. Ya pili ni saa ambayo picha inarudi. Ikirudi dakika chache baada ya mvua kupungua, ilikuwa mvua, na huna deni na mtu. Lakini ikiwa mvua imekwisha usiku, asubuhi hakuna picha, na inarudi mchana jua likishawaka vizuri, basi maji yameingia pale waya unapofungwa kwenye kichwa, na jua ndilo linayakausha. Hilo ni tatizo la kweli, na dawa yake ni ya bei ndogo: kukata kipande cha waya kilichooza, kufunga upya, kuzungusha tepe nyeusi kwa nguvu, na kuacha waya uning'inie kidogo chini kabla ya kuingia, ili maji yadondoke pale badala ya kufuata waya mpaka ndani. Hakuna haja ya kununua kichwa. Na ikiwa picha hairudi kabisa, siku mbili, tatu, na upepo ulikuwa mkali, basi parabole imesogea au radi imepiga. Hapo ndipo fundi anahitajika.

Ishara nyingine watu wengi hawaifikirii, nayo ni betri. Nyumba nyingi huku zinatumia sahani ya jua na betri moja. Siku mbili za mawingu mfululizo, betri haijajaa. Dekodere inawaka, inazimika, inawaka tena, na mtu anasema "signali inacheza". Signali haichezi, ni moto uliopungua. Zima taa mbili, acha kuchaji telefone za kartie nzima, utaona picha inatulia.

Na ili usinihukumu kwa kusema mvua tu: kuna siku katika mwaka ambazo picha inakatika na mbingu ni safi kabisa. Inatokea mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, siku chache mfululizo, saa ile ile mchana, kwa dakika chache. Siku hizo jua linapita nyuma kabisa ya satelite, na kelele ya jua inafunika sauti ya satelite. Linapita, picha inarudi. Hakuna dawa wala fundi.

Kwa anayetaka kupunguza shida hii kwa kweli, si kuimaliza, maana haimaliziki, dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuielekeza parabole vizuri siku ya jua. Kila dekodere ina ukurasa unaoonyesha mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wengi wanatazama wa nguvu. Tazama wa ubora, andika namba yake ukutani kwa makaa. Kila dekodere inahesabu kwa namna yake, kwa hiyo usilinganishe na ya jirani wa kampuni nyingine, linganisha na yako ya mwezi uliopita. Kama siku ya jua picha iko lakini ubora umebaki kidogo, mvua yoyote itakukata. Fundi anayefunga parabole akiona picha tu, akateremka bila kutafuta ubora wa juu zaidi, amekuuzia kazi nusu. Dawa ya pili ni upana. Parabole ya sentimeta 90 inakusanya nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya sentimeta 60. Mvua ya kati haitaikata. Ile ya ukuta wa maji itaikata tu. Kwa mwenye nyumba ya sine anayelipisha watu, sioni kwa nini bado anatumia ile ndogo.

Sasa radi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi mliotoka mbali na mliofika huku majuzi. Mwaka 2016 wataalamu walitoa hesabu ya miale ya radi duniani kote, waliyoikusanya kwa satelite katika miaka 16. Mahali pa kwanza duniani palikuwa ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Pa pili duniani, na pa kwanza Afrika, ni Kabare. Ndiyo, Kabare yetu hii, karibu na Bukavu: zaidi ya miale 205 kwa kila kilometa moja ya mraba, kila mwaka. Kampene ya Maniema inafuata katika Afrika, halafu Sake, yenye miale 143. Sisi tunaokaa kando ya ziwa, kati ya Sake na Kabare, tunalala katikati ya moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Hewa yenye joto na unyevu inapanda kwenye milima yetu, mawingu yanasimama juu kama minara, na alasiri yanapasuka.

Katika nchi kama hii, mtu anayepanda juu ya mabati wakati wa mvua, ameshika chuma, amesimama juu kuliko kila kitu kinachomzunguka, amejiweka mwenyewe mahali ambapo radi inatafuta njia ya kushuka. Na katika kambi hatari ni zaidi, kwa kuwa vibanda vya shitingi viko chini, na kijiti cha chuma kilichobeba parabole ndicho kirefu kuliko vyote. Shitingi haizuii radi hata kidogo. Ukisikia ngurumo, ondoka karibu na kijiti hicho, toa watoto pale, na kama kuna shule, kanisa au nyumba ya matofali karibu, nendeni huko. Usirudi kugusa parabole mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Na kabla mvua haijafika, chomoa dekodere pande zote mbili: waya wa moto na waya wa parabole. Wengi wanachomoa ule wa moto tu, wanafikiri wamemaliza. Radi ikipiga karibu inaingia kwa waya wa parabole, inaua dekodere, na mara nyingine tele pamoja nayo.

Ninajua kuna watakaosema radi haipigi ovyo, inatumwa. Nimesikia maneno hayo katika kila kijiji nilichokwenda kuchukua habari. Radi inapiga nyumba, na kabla moto haujazimwa watu wameshapata jina la mzee wa jirani, au la mjane, au la mgeni aliyefika juzi akikimbia vita. Mkimbizi hana ukoo wa kumtetea hapo. Mimi nawauliza jambo moja tu: wale wataalamu walihesabu miale 205 kwa kilometa moja, mwaka kwa mwaka. Je, Kabare nzima kuna wachawi wangapi wa kufanya kazi yote hiyo, mchana na usiku, hata juu ya mashamba yasiyo na mtu? Radi ilipiga nyumba ile kwa kuwa ilikuwa na chuma juu, au mti mrefu pembeni, au kwa kuwa iko mgongoni mwa kilima. Mkiona watu wanakusanyika kutafuta mchawi baada ya radi, iteni mkubwa wa kijiji mapema, kabla ya mawe.

Nimebakiza habari. Kwa nini watu waliopoteza mashamba na nyumba wanatoa pesa yao ya mwisho kulipa abonema? Wengine wanawacheka. Mimi siwacheki. Mtu aliyefungiwa kambini anataka kuona kitu kingine kisicho matope. Na anataka kujua kama dunia inamwona. Tarehe 7 Februari 2024, Leopards walicheza nusu fainali ya CAN na Côte d'Ivoire. Walifungwa moja kwa bila, lakini si hilo tunalokumbuka huku. Tunakumbuka wimbo wa taifa, pale wachezaji walipoziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kichwani kama bunduki, ili kusema juu ya mauaji ya Mashariki yanayonyamaziwa. Wakimbizi walitaka kuona hilo kwa macho yao. Ilikuwa juu yao. Kwa hiyo nasema: mtu kutaka tele si upuuzi.

Lakini kutaka tele ni kitu kimoja, kuitegemea kwa habari za kukuokoa ni kingine. Tele ya satelite inaongea kutoka mbali: Kinshasa, Paris, Abidjan. Hakuna chaneli ya satelite itakayokuambia kwamba barabara ya Sake imefungwa asubuhi hii, kwamba ugawaji wa chakula umesogezwa mpaka Alhamisi, au kwamba mto wa juu ya kijiji chako umejaa. Na inakatika saa ile ile ambapo mvua imekuwa ya hatari. Tukumbuke Kalehe, mwezi wa Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi: mvua, mito ikateremka na mawe na udongo, na zaidi ya watu 400 wakafa. Mvua inayokata picha na mvua inayobomoa vijiji ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana nawaambia wanaokaa chini ya mteremko au kando ya mto: picha ikikatika kwa mvua, imekwisha kukupa habari. Imekuambia kuna maji mengi juu yako, au juu ya mlima ulio karibu nawe, na mara nyingine inakatika kabla tone la kwanza halijafika kwako. Acha kutazama paa. Tazama mto, rangi ya maji yake, na kama yanateremsha miti. Kama maji yamebadilika kuwa matope mazito, chukua watoto mpande sehemu salama, tele itawasubiri.

Saa hiyo redio inabaki. Nitaambiwa ninatetea sufuria yangu, na kweli redio ndiyo inayonilisha. Lakini hesabu ni hesabu. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita tatu hivi, na kwa mawimbi ya ukubwa huo tone la mvua ni kama mchanga mbele ya lori. Mvua haiyakati. Redio ndogo inakwenda kwa mawe mawili na unaiweka mfukoni ukikimbia. Ubaya wetu uko kwingine: sisi wa redio za jamii nasi tunakaa juu ya betri na jenereta, na mawingu ya siku tatu yanaweza kutunyamazisha, au radi ikapiga mtambo. Kwa hiyo weka redio zaidi ya moja katika kichwa chako, ujue namba zao kwenye mita, na usikae na moja tu, hata kama ni hii yetu.

Namalizia na wauzaji na wenye nyumba za sine. Kampuni zinazouza abonema zinajua kabisa kwamba katika nchi ya mvua kama yetu kutakuwa na saa za giza. Siwaombi wazuie mvua. Naomba waandike kwenye karatasi ya kuuzia, kwa Kiswahili, mistari mitatu: mvua nzito inakata picha, inarudi yenyewe, usiguse parabole. Karatasi waliyonayo sasa iko katika Kifaransa na Kiingereza, na mama yule wa Masisi hakusoma hata moja. Na mkuzaji anayeuza dekodere kambini, mwezi wa Oktoba, mvua ikinyesha kila siku, aseme ukweli huo kabla ya kupokea pesa.

Wenye sine, ninyi tunaonana kila wiki. Mtu amelipa kiingilio, mvua imekata mechi dakika ya thelathini, mnamwambia aende, mvua si ya kwenu. Ni kweli si ya kwenu, lakini pesa imebaki kwenu. Nimeuliza wenye sine watatu hapa sokoni. Mmoja tayari anaandika majina katika daftari: mvua ikikata mechi kabla ya kipindi cha pili na isirudi, waliolipa wanaingia bure mechi inayofuata. Anasema hajapoteza, maana watu wamehamia kwake. Wawili wengine wameniambia watafikiri. Nitapita tena kwao kabla ya mwisho wa mwezi, na jibu lao nitalisoma hewani.